Okidi ya Senje Selpha

Jumatatu, 16 Julai 2001
Senje Selpha, dada wa Baba, anakuja Jumapili kutoka Kakamega! Yeye ndiye aliyenipa okidi siku tuliyohamia Kitengela. Aliahidi kwamba ikichanua, nitakaa kwake likizo yote ya Agosti. Haijachanua. Ina majani manne, na mizizi inaning'inia nje ya chungu bila adabu. Mwalimu wa sayansi alitufundisha kuwa mizizi hukaa udongoni. Nimeizika yote. Nimeongeza samadi ya ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Lemein. Nina matumaini makubwa.

Jumanne, 17 Julai
Whitney wa nyumba ya pili amechungulia dirishani. Ameuliza tangu lini tunalima kabeji sebuleni. Sikumjibu. (Nilimjibu kidogo.) Mama ameuliza harufu ni ya nini. Nimemwambia ni ya maendeleo.

Alhamisi, 19 Julai
Jani moja limegeuka manjano. Nadhani okidi inaikumbuka Kakamega. Hata mimi. Kule mvua ilinyesha kila alasiri. Tulikaa kwa Senje tukila njugu, mabati yakapiga kelele hadi hakuna aliyemsikia mwenzake, na hakuna aliyejali. Hapa Kitengela, mtaa wetu wa Noonkopir, ni vumbi na upepo. Basi nimeinyeshea mvua kwa kichungi cha chai mpaka maji ya jerikeni yakaisha. Baba ameenda kazini bila kuoga. Alisema mengi.

Jumamosi, 21 Julai
Majani mawili yameanguka. Sikati tamaa! Nimechuma bugenvilia kwa kina Whitney na kuifunga kwa uzi kwenye kijiti nilichochomeka chunguni. Whitney ameniona. "Wewe! Umevalisha kabeji hereni!" Wivu tu. Kwa mbali inapendeza. Nitamkalisha Senje mbali.

Jumapili, 22 Julai
Senje alikaa karibu. Akavuta uzi. Akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akafukua mizizi, akaona imeoza. Alisema mizizi ya okidi hii hupumua hewani, nami nimeizika hai. Nikalia. Akanikumbatia, akasema bado haijafa. Ataenda nayo kwake aiuguze Agosti yote.

Kwa hiyo okidi imepata likizo. Imeondoka imepakatwa, upande wa dirisha la basi. Mimi nimepunga mkono.

Jioni. Nimetafakari. Kumbe kinachopelekwa Kakamega ni kigonjwa! Nimejaribu kukohoa mezani. Mama amesema nioshe vyombo. Kesho nitakohoa kwa bidii zaidi.