Hewa Safi kwa Mama Mkwe

Jumapili, 8 Juni
Kikao cha familia sebuleni kwa mama mkwe. Ajenda: nani atampeleka Ijumaa kwenye sherehe ya kumuaga. Anastaafu ualimu mkuu. Shemeji, kaka wa mke wangu, alishaanza kuzungusha funguo kidoleni. Gari lake linanukia kama saluni. Kimbelembele kikanipanda, nikasema nitampeleka mimi. Mama mkwe akasema gari la huyu bwana linanuka soksi mbichi. Kicheko nyumba nzima. Huyu bwana ni mimi! Miaka tisa nimemuoa binti yake, hajawahi kuniita mkwe hata kwa bahati mbaya. Inaniuma, sitaficha. Nikaapa kwamba hadi Ijumaa hewa ya gari langu itakuwa safi kuliko ya hospitali. Akasema tutaona. Mke wangu akanifinya paja.

Jumatatu, 9 Juni
Kwa fundi. Kafungua droo ya dashibodi, kapitisha mkono nyuma yake, kachomoa kitu cheusi. Majani makavu, mavi ya panya, nusu karanga. Akasema hiyo ndiyo filta ya AC, hewa yote tunayovuta ndani inapita humo. Nikakumbuka ninavyovuta pumzi ndefu kila asubuhi njiani kwenda kazini ili nichangamke. Akasema ninunue mpya, kuichomeka ni kazi ndogo, hata mimi naweza. Hata mimi! Jicho la fundi linajua kipaji. Nikaenda duka la spea, wakanitajia bei. Nikacheka. Muuzaji hakucheka. Nyumbani nimeikagua vizuri ile ya zamani. Ni karatasi iliyokunjwa-kunjwa, basi! Mtu mzima nikanunue karatasi?

Jumanne, 10 Juni
Utafiti. Nimeosha filta ya zamani kwa sabuni. Imeyeyuka kama mkate kwenye chai. Mke wangu kauliza nani kamwaga takataka kwenye beseni lake la vyombo. Nikajaribu kalenda ya mwaka jana, hewa haipiti. Soksi hapana, tusichokozane. Halafu kwenye chumba cha wageni nikauona mto wa sufi, ule wa maua. Mwepesi, unapitisha hewa, unanukia kabati. Ni kweli mama mkwe aliuleta mwenyewe na huulalia akija. Lakini hajaja. Mto hauna kazi. Nimeuchana! Nimeshona mfuko wa kipande cha chandarua, nimeujaza sufi, kingo nimezipamba kwa kile kitambaa cha maua. Vidole vimetoboka vyote. Nimeridhika mno.

Jumatano, 11 Juni
Mke wangu kauliza mto wa mama uko wapi. Nimesema nimeuanika. Kachungulia dirishani, mvua inanyesha. Kaniangalia. Nikakumbuka nina haraka.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeifunga! Droo ya dashibodi ilileta ubishi. Kibanio kimoja kimekatika na skrubu mbili zimebaki mkononi. Naona kiwandani waliziweka za akiba. Droo nimeishikiza kwa selotepu, ukiwa mbali huioni. Kisha feni namba moja. Upepo mwanana, harufu ya shuka safi! Namba nne sikujaribu, nisimalize mafuta bure. Shemeji kapita, eti kuja kusalimia. Katia pua dirishani. Kavuta. Kavuta tena. Kaaga. Nimekula nikiimba.

Ijumaa, 13 Juni
Niandike kwa utaratibu. Mama mkwe alitoka amevaa suti nyeusi mpya na nywele zimetengenezwa tangu jana. Viatu vyake vya kila siku akavitupia kwenye buti la gari, akavaa vya sherehe, akaketi mbele. Mke wangu nyuma. Shemeji akatufuata na gari lake, akisubiri niaibike. Feni namba moja. Mama mkwe akanusa, akasema si vibaya. Si vibaya! Nusura nilie. Kwenye foleni jua likamchoma, akanyoosha mkono mwenyewe, akapeleka feni namba nne.

Kikasikika kitu kikipasuka kwa ndani. Halafu sufi. Sufi kwenye kila tundu! Suti ikawa nyeupe, nywele nyeupe, miwani nyeupe. Anapiga chafya, mimi sioni barabara, mke wangu anafungua dirisha na upepo unazidi kuivuruga. Selotepu ikaachia, droo ikamwangukia mapajani, na juu yake kipande cha kitambaa cha maua. Akakiokota. Akakitambua. Tulimalizia safari kwa chafya tu.

Ukumbini watu wakasimama kumpokea, kisha wakasita. Akapanda jukwaani vilevile. Alipoanza kushukuru walimu, chafya. Wazazi, chafya. Mwishowe akaweka hotuba pembeni. Akawaambia wasidhani amezeeka njiani. Akasema: weupe huu ni mto wangu wa kulalia, aliyeutia kwenye mashine ya gari ni mkwe wangu, yule pale anayejificha nyuma ya nguzo.

Mkwe wangu! Mbele ya shule nzima! Watu walicheka hadi kushikana mabega. Mke wangu anasema ni mimi peke yangu niliyepiga makofi. Mama mkwe karudi na gari la shemeji. Sawa tu. Neno limeshatoka, haliwezi kurudi.

Jumamosi, 14 Juni
Mke wangu hasemi nami. Fundi katoa feni, sufi imejisokota humo hadi mota imeungua. Kawaita mafundi wenzake waje kuona. Nimelipa feni, mota, droo, na ile filta niliyoikataa Jumatatu. Kaichomeka huku anaongea na simu.

Akaniita nisikilize tairi la mbele linavyogonga. Anasema bushi zimekwisha, vile vipande vya raba vya kwenye mguu wa tairi, ninunue mpya na nisithubutu kuzigusa mwenyewe. Nimeitazama ile ya zamani. Raba tu! Nimefungua buti nitafute bisibisi, nikakuta viatu vya mama mkwe vya kila siku. Soli nene ya raba, imara. Na ameshastaafu. Havina kazi.