Ndama Wabaki Darasa la Tatu

Ndama wamefukuzwa shule, na mwanangu Mwalimu Justa anatakiwa kuhamishwa kwa ajili yao!

Ndugu Afisa Elimu wa Wilaya, sasa nakusalimu. Umri wako siujui: kama umenizidi, shikamoo, kama nimekuzidi, marahaba, mwanangu. Mimi ni Nyamizi, Mama Justa, wa kijiji cha kwenye mawe, mbele ya Samuye. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Cheti changu cha kisomo cha watu wazima nimekitundika ukutani kando ya Bikira Maria, na mgeni akiingia huanza na cheti.

Justa anafundisha darasa la tatu. Ndiye binti wa kwanza wa hapa kwetu kurudi nyumbani na chaki badala ya mume. Juma lililopita mkaguzi, Ndugu Athanas, aliwakuta ndama wamelala kati ya madawati. Akaamuru watolewe, madirisha yafungwe mbao, na Justa apelekwe mbali, pasipo na ng'ombe. Nimemwambia Justa asiwatoe mpaka wewe ujibu. Sababu zangu ni hizi:

1. Shule yetu ilijengwa wakati wa Operesheni Vijiji, kwa ramani ya mjini. Madirisha ni mapana kama mlango wa zizi, wala hayana cha kuyafunga. Mwezi wa Juni upepo unaingia huku unatokea kule, mtoto hawezi kushika penseli. Darasa zima lilikuwa linabaki nyumbani kuota moto. Sasa Justa nilimlea ndani ya msonge, yeye upande huu, ndama upande ule, kama tulivyolelewa wote, na kikohozi hakijui. Akaomba ndama kwa jirani yetu, Mzee Masele, akawalaza darasani. Watoto wakarudi wote, hata walioacha shule kabisa, maana nani atakubali kupitwa darasa na ndama?

2. Mkaguzi anasema hewa ni nzito. Ndugu yangu, hewa nyepesi ndiyo iliyotutesa! Hata hivyo jambo hilo limejitengeneza. Asubuhi mama zao ndama huja kuwatafuta, wanasimama nje, kila mmoja anaziba dirisha lake kwa ubavu. Jua likipanda na bati likianza kuunguza, wanakwenda malishoni, upepo unapita. Niambie, huko wilayani lipo dirisha linalojifunga lenyewe kwenye baridi, likajifungua lenyewe kwenye joto, halafu jioni likakamuliwa?

3. Kuhusu kile alichokikanyaga mkaguzi, pole yake. Lakini sakafu ilikuwa vumbi na funza. Sasa watoto wanaikandika kwa hichohicho kila Ijumaa, inang'aa. Yeye akapiga kelele, "Hii ni shule au zizi?" Mzee Masele alikuwa mlangoni, akamwambia, "Wewe mgeni, zizi langu mimi halina anayejua saba mara nane."

4. Watoto wameshazoea kuhesabu wakiwa wameegemea ndama. Wakifika darasa la saba waruhusiwe kuingia nao kwenye mtihani. Naahidi hakuna ndama atakayenong'oneza jibu. Najua kufikia hapo watakuwa madume makubwa, basi mlango upanuliwe. Atakayechaguliwa sekondari apewe kitanda chenye nafasi pembeni. Na Wizara iache vioo, inunue mitamba. Nasikia hata ofisi yako ina pangaboi linalokula umeme bure. Nitakuletea mtamba mmoja ujaribu.

5. Justa asihamishwe. Hili ndilo paa. Hayo mengine yote ni nguzo zake. Mwalimu anayeona migongo ya watoto wa watu ikitetemeka, mnampeleka wapi? Na mimi jioni nitakula ugali na nani, anisimulie darasa la tatu limesoma nini?

Nisalimie mkeo, watoto, karani wako, na yule dereva aliyemleta mkaguzi, akaomba maziwa akaongezwa. Huku mbuzi wazima, mtama umekauka vizuri.

Ndimi mama wa mwalimu,
Nyamizi

Tena: Kabla sijaifunga barua, Mzee Masele amekuja na fimbo kuchukua ndama wake. Anasema darasani kuna baridi, wameanza kukohoa. Kumbe siku zote watoto ndio waliokuwa wanawapasha joto ndama! Sasa ndama wako kwangu, kwenye msonge, darasa la tatu limewafuata, na Justa anafundisha amekalia kinu, machozi ya moshi yanamtoka. Kwa hiyo zile mbao za mkaguzi tunazitaka. Mzee Masele mwenyewe ameshaangusha mti. Justa anasema haondoki mpaka dirisha la mwisho lifungwe, nami nitahakikisha anapigilia polepole. Ndugu Athanas aje na nyundo, wewe uje na misumari, kijiji kizima kitakuwepo: Jumamosi ya kwanza ya Julai, ng'ombe wakishatoka zizini.