Marahaba Kutoka Chumba Kitupu

Jumatatu, 3 Juni
Nimefika! Mji mdogo, mkongwe, umejikunyata chini ya mlima ambao wageni huvuka bahari kuja kuupiga picha. Leo umejifunika ukungu, hautaki kunijua. Nilitoka hapa nimebebwa mgongoni mwa mama, narudi na mkongojo. Nyumba ya marehemu babu ingali imesimama. Funguo anazo binamu yangu, anayewatembeza wageni humo. Nimemwambia nataka kumalizia uzee wangu katika chumba nilichozaliwa. Kasema: kaka, nyumba ina mwenyewe. Mwenyewe nani, kama si mimi? Kacheka tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua udhaifu wao! Kila apitaye dirisha la chumba kile nilichozaliwa, hata mwenye gunia kichwani, hukiamkia chumba kitupu shikamoo. Basi kesho nitapenya uani, nijibanze nyuma ya pazia, niitikie. Binamu ataogopa, atahama mji. Funguo zitakuwa zangu. Nywele zangu ni nyeupe, lakini chini yake mna moto.

Jumatano, 5 Juni
Nimeitikia. Marahaba! Sauti nzito, ya kaburini. Fundi cherehani hata hakugeuza shingo. Muuza maziwa kaniuliza nimeamkaje. Binamu alipopita na wageni wake kasimama, kanipa pole: babu, leo sauti imekauka, au ni mafua? Kisha kaendelea kuwaeleza habari za paa. Nimerudi gesti na vumbi puani. Aibu gani hii!

Alhamisi, 6 Juni
Nimejipaka unga usoni, nikarudi nyuma ya pazia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani. Fundi cherehani kapita, kaamkia. Nikavuta pumzi. Kabla sijafumbua mdomo, nyuma ya kisogo changu ikasikika: marahaba, mwanangu. Taratibu, kama ya mtu aliyechoshwa na mgeni anayemdakia maneno. Sikugeuka. Fundi kasema kumbe mafua yamepona, alhamdulillahi. Nimeruka nje kupitia dirishani. Mkongojo umebaki ndani.

Ijumaa, 7 Juni
Mkongojo nimeukuta umeegemea mlango wa chumba changu cha gesti, umepanguswa vumbi. Binamu kaapa si yeye. Kasema babu hajamkataa mtu wa damu yake. Ningebisha hodi kwa adabu tangu siku ya kwanza, ningekaribishwa. Kisha kanipa funguo! Sharti ni moja tu: kila niingiapo, nipige hodi na kungoja jibu. Nilitaka kulia. Nimejizuia; ana mdomo mpana.

Jumamosi, 8 Juni
Sikulala, nikiwaza. Hodi, nyumbani kwangu? Kila siku? Uzee huu? Hapana. Babu ni mzee kuliko mimi. Lazima mchana husinzia. Nitaingia kimya, nibadilishe kufuli, halafu yeye ndiye awe anabisha. Nimekwenda kwa fundi wa kufuli, nikamweleza mpango wote. Kaangalia nyuma yangu, kauliza yule mzee anayetikisa kichwa begani kwangu ni nani. Nimemwambia asibadili mazungumzo, tuzungumze kufuli.