Tela Langu na Masanduku ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Makasha yamefika! Ndani yake kuna tela la kulala safarini, umbo la tone la maji. Kitanda mbele, jiko dogo nyuma chini ya mlango unaoinuka kama boneti. Vipande vyote vimeshakatwa, unaunganisha mwenyewe nyumbani. Kwenye picha, mtu na mkewe wanakaza skrubu huku wakicheka. Mimi sicheki. Mama mkwe anakuja Alhamisi, na Jumamosi sote tunakwenda ziwani kwa mwanyumba wangu, aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu, aliyejenga nyumba kwa mikono yake na hataki tusahau. Mama mkwe alishasema mezani kwamba mimi ni hodari wa kuanza. Mke wangu akanitetea: safari hii atamaliza. Heri angenyamaza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nilisema naumwa mgongo. Ekseli na magurudumu vimekaa sawasawa. Vizuri mno, nina wasiwasi. Kuta za plaiwudi zimesimama pia, ila ya kushoto kumbe ilikuwa ya kulia. Fungua, funga upya. Sasa mgongo unauma kweli. Jirani, mwalimu mstaafu, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama nafuga kuku. Nikamwambia ni chombo cha safari. Akasema kuku watafurahi.

Jumatano, 5 Machi

Paa! Bati la alumini linatakiwa lipinde juu ya mgongo wa tela, gundi chini yake, vibano kila mahali. Vibano ninavyo vitatu. Nikibana mbele, nyuma linainuka. Nikibana nyuma, mbele linanipiga kidevuni. Mke wangu alileta chai, akalitazama lile bati, akarudi ndani na chai yake. Sijui alikuwa na maana gani. Kinachotakiwa ni kitu kizito.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe kafika. Na masanduku mawili, mazito kama yamejazwa mawe! Mungu hamtupi mja wake. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikayabeba mwenyewe, moja huku, moja huku. Akamwambia binti yake kwamba siku hizi nimebadilika. Nikapitiliza nayo mpaka uani. Nikamimina gundi mkebe mzima, nikalaza bati, masanduku juu, mifuniko chini ili miguu yake ya chuma isilichune bati. Bati likatulia kama mtoto aliyeshiba. Nilikusudia kuyarudisha kabla hajayaulizia. Akayaulizia kabla sijanawa mikono. Nikasema yanapumzika kidogo baada ya safari. Alinitazama sana.

Ijumaa, 7 Machi

Hayatoki! Gundi ilipenya kwenye matundu ya skrubu, ikapanda, ikakamata mifuniko yote miwili. Nimevuta. Nimesukuma. Nimebembeleza. Mama mkwe akatokea uani amevaa gauni la mke wangu, limembana mabegani hata mikono haishuki. Akatazama masanduku. Akanitazama mimi.

“Mwanangu, hiyo gundi inatolewa na nini?”

Nikasema kwa subira, Mama. Akageuza ndoo, akakaa kuisubiri hiyo subira. Nilifanya kazi chini ya macho yake mpaka giza likaingia.

Jumamosi, 8 Machi

Ziwani hatukwenda. Ziwa lilikuja kwetu: mwanyumba alifika na gari lake na kamba. Mke wangu ndiye aliyempigia simu. Usaliti! Nikamsihi asivute, nikamwambia kuna njia za kitaalamu. Akauliza zipi. Nikafungua karatasi ya maelekezo. Akavuta. Masanduku yakatoka na vipande viwili vya paa, vyote vimeng'ang'aniana kama ndugu. Sasa juu kuna matundu mawili makubwa ya mraba. Mama mkwe akavaa gauni lake, akashusha mikono, akashukuru Mungu. Mwanyumba alinipigapiga begani na kusema si kila mtu ameumbiwa ufundi. Nilijifungia ndani ya tela, nikatazama mawingu kupitia matundu yangu. Mawingu yalikuwa mazito.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imenyesha vibaya. Nilikwenda uani kuangalia msiba wangu. Tela limejaa maji mpaka dirishani, godoro linaelea. Nikapapasa chini. Nikapapasa maungio, mlango, pembe zote. Pakavu! Halikuvuja hata kidogo! Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akamwita mama yake aje kushuhudia. Nikawaeleza wote wawili, nimelowa chapachapa, kwamba kosa halikuwa langu hata chembe. Walioniuzia ndio walikosea jina. Kitu kinachozuia maji yasitoke, kinashindwaje kuyazuia yasiingie?

Mke wangu akasema nisithubutu. Mama mkwe akasema anaondoka kesho. Nimemsihi abaki hadi Jumamosi, kwa sababu pale ziwani kwa mwanyumba pana mahali pazuri pa kushushia chombo, na abiria wa kwanza ni lazima awe yeye. Anafikiria, nadhani. Ameingia chumbani na kufunga kwa ufunguo.

Magurudumu nimeshayang'oa.