Sauti ya Mke Wangu Iondolewe Ndegeni

Kwa Mhandisi Mkuu,
Karakana ya Mitambo ya Elektroniki za Ndege.

Ndugu Mhandisi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi cherehani. Mke wangu ndiye mpokea simu wa karakana yako, yule mliyemrekodi sauti mkaitia kwenye mtambo wa kumwonya rubani ndege inapoikaribia ardhi vibaya. Siku ile nilipiga makofi. Sasa maji yamenifika shingoni.

1. Marubani wanamtii mno. Akisema "Vuta juu!" mtu mzima mwenye mistari ya dhahabu mabegani anavuta usukani bila kuuliza kwa nini. Kwetu, jambo husemwa mara saba ndipo nilisikie, na tuliishi kwa amani. Tangu azoee kutiiwa, akirudia mara ya pili anapaza sauti. Ya tatu anawasha na kuzima taa ya sebuleni.

2. Hazungumzi tena, anatangaza. Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea, hata viatu hajavua, alipokewa kwa sauti tulivu: "Kizuizi mbele. Kizuizi mbele." Mama aligeuza akaenda kwa dada yangu, na mpaka leo anauliza kizuizi alikuwa nani.

3. Juzi nilipanda ndege yenu ndogo, ile ambayo kati ya abiria na rubani kuna pazia tu, nikampime bwana harusi suti. Ukungu ulikuwa mzito. Ghafla nikamsikia mke wangu: "Vuta juu! Vuta juu!" Rubani akavuta usukani. Mimi, kwa mazoea ya nyumbani, ambako huniambia hivyo suruali ikinishuka, nikasimama nikaivuta hadi kifuani. Tulipotua, rubani akatueleza kuwa tumekikosa kilima chupuchupu, na abiria wote wakampigia makofi mke wangu. Mimi niliyetii sawa na rubani nikaambulia kuchekwa soksi.

Mwenye macho haambiwi tazama. Kwa hiyo naomba sauti hiyo iondolewe. Ikishindikana, iseme kwa adabu: "Samahani baba, ukipata nafasi, vuta juu kidogo." Na hilo likishindikana, nirekodiwe na mimi nikimpinga, ili rubani asikilize pande zote mbili kabla ya kuamua. Nyumba yetu haijawahi kuwa na kauli moja; ndege ina nini hata iwe nayo?

Wasalimie mafundi wote, walinzi wa getini, na yule rubani. Mwambie kiuno cha suruali yangu nimekipunguza.

Wako katika unyonge,
Mume wa Sauti.

Nyongeza: Barua imechelewa kwa kuwa mke wangu amekwenda kumuuguza dada yake. Nyumba imenyamaza. Jana nimeunguza sufuria, nimelala mlango wazi, na leo nimempelekea mteja koti lenye mkono mmoja, hakuna aliyenionya. Kama karakanani kuna kisanduku chakavu chenye sauti yake, niazimeni. Hata kama kinajua kusema "Vuta juu" peke yake, kileteni. Nitatafuta cha kuvuta.