Mzazi Anayebaki

Kwa madaraka aliyojipa mwenyewe, na baada ya kushauriana na nafsi yake kwa kina, Mkurugenzi Msaidizi wa Vibali vya Safari aliitangazia familia yake kwamba Likizo ya Kwanza ya Nje ya Nchi imeidhinishwa. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa friji, nakala kwa mama watoto, nakala kwa faili.

Kwa miaka kumi na tisa mtu huyu alikuwa akiruhusu na kuzuia safari za wenzake bila yeye kuvuka mpaka wowote. Wanawe aliwaahidi safari tangu wakiwa na mapengo. Sasa binti alikuwa na miaka kumi na saba, mwakani angekwenda chuo, na mdogo wake wa kiume wa miaka kumi na minne haongei na mtu ila simu. Mkurugenzi alijua hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kuwa nao wote mahali pamoja, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kuliandika kwenye waraka. Ndiyo maana akaandika nyaraka sita.

Waraka wa tatu uliunda Kamati Ndogo ya Mizigo. Wa nne ulimtaka yeyote atakayenuna likizoni atoe taarifa saa ishirini na nne kabla.

"Baba, hii ni likizo au semina?" binti aliuliza.

"Ni likizo shirikishi."

"Nani kashirikishwa?"

"Nyinyi. Si ndiyo mnasoma hapo?"

Mama watoto, muuguzi asiye na muda wa vikao, alifunga masanduku yote kabla kamati haijatimiza akidi.

Uwanja wa ndege walifika saa tano kabla ya muda, kwa mujibu wa waraka wa sita. Dirishani alikaa karani wa vibali, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alikagua pasi nne moja moja.

"Barua ya mzazi anayebaki iko wapi, mzee?"

"Hakuna anayebaki. Tunasafiri wote."

"Nimekuelewa. Ila Kanuni ya Kumi na Nne inasema kila mtoto anayetoka nchini awe na barua ya idhini ya mzazi anayebaki."

Mkurugenzi aliikumbuka vizuri. Rasimu ilikuwa na maneno "kama yupo", naye akayafuta kwa kalamu nyekundu kwa kuwa yalinukia ujanja. Kwa kazi hiyo alipongezwa, akapewa kiti cha kuzunguka.

"Mimi ndiye niliyeiandika," alinong'ona.

"Najua, mkurugenzi. Saini yako hii hapa. Na chini umeandika afisa atakayemlegezea mtu, hata awe mkubwa vipi, afukuzwe siku hiyohiyo. Na mimi nina watoto."

Mkurugenzi alitafuta kasoro katika hoja ile akakosa. Karani alikuwa amefunzwa vizuri; mafunzo aliyaendesha yeye. Akapiga simu ofisini kuomba msamaha wa kanuni. Akajibiwa kwamba maombi ya aina hiyo hupitia meza ya Mkurugenzi Msaidizi, ambaye kwa sasa yuko likizo.

"Basi nibaki mimi," alisema mama watoto.

"Wewe hujapumzika tangu huyu azaliwe."

Mkurugenzi akatoa karatasi na kuandika barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika: *Nawaruhusu.* Akaigonga muhuri, maana muhuri alikuwa nao mkobani, likizo au si likizo.

Kijana akachomoa spika za masikioni. "Baba, si tungoje tu, twende wote siku nyingine?"

Tangu mwaka uanze hakuwa amemwambia baba yake maneno mengi kiasi hicho. Mkurugenzi alitamani kulia.

"Ndege haingoji, mwanangu. Nendeni. Na kununa kusiwe na masharti."

Walipopotelea nyuma ya mlango wa kioo, karani alimwelekeza kwenye benchi la ukutani. Wazazi wanane walikuwa wamekaa hapo, wakitazama mlango uleule.

"Nawe umebaki?" aliuliza fundi magari aliyekaa mwishoni.

"Nimebaki."

"Kanuni ya Kumi na Nne?"

"Hiyohiyo."

"Natamani nimjue aliyeiandika."

Mkurugenzi alivua kitambulisho shingoni, akakitia mfukoni.

"Nasikia hajawahi kusafiri na watoto wake."

"Inaonekana," alisema fundi, akasogea kumpa nafasi.