Maiti ya Injini

Daktari hakusomea udaktari, na kwa kweli hata ufundi hakuusomea, ila gerejini alivaa koti jeupe na kuyasikiliza magari kifua kwa bisibisi ndefu aliyoibana sikioni. Wateja walilipenda koti lile. Fundi mwenye ovaroli ya grisi hubishiwa bei. Mwenye koti jeupe huulizwa tu kama mgonjwa atapona.

Asubuhi hiyo kigari cha bluu kiliingia kikisukumwa, na nyuma yake mama mmoja fundi cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Daktari alifungua boneti na kuona ugonjwa kabla hajainama: waya wa plagi umechomoka. Kuurudisha ni kufumba na kufumbua. Akauacha vilevile, akavua miwani.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Kwa nini?"

"Habari hii haimfai mtu mwenye njaa. Injini imekufa."

"Jana nimeenda nayo sokoni."

"Ndivyo zinavyoondoka, mama yangu. Bila kuaga. Lakini usihuzunike, nitakufungia kubwa zaidi. Gari dogo, roho ya lori."

Maneno hayohayo alimwambia muuguzi mmoja mwaka jana, mwenye gari la aina hiihii. Injini za aina ile zimeadimika mjini kuliko fundi anayetimiza ahadi, na ya muuguzi ilikuwa nzima kabisa. Daktari akaitoa, akamfungia nyingine iliyokohoa njia nzima na kukata roho mlangoni kwake. Ile nzima akaipandikiza kwenye kigari chake mwenyewe, na kwa kigari hicho akamposa binti wa mwenye duka la vipuri. Jumamosi hii alitarajiwa ukweni. Baba mkwe alishawatangazia majirani kwamba mkwe anakuja na usafiri wake. Kilichopungua ni hela ya kwendea, na hiyo sasa ilikuwa imesimama mbele yake na tepu shingoni.

"Fanya," mama akasema. "Nitakulipa kazi ikiisha."

Kazi ilikuwa hivi: siku ya kwanza Daktari alilala. Siku ya pili aliipaka injini ya mama rangi nyekundu. Siku ya tatu alitoboa ekzosi tundu la kupita kidole, akaurudisha waya mahali pake. Alipowasha, gari likanguruma hadi njiwa wakahama paa.

"Linasikika kama baba watoto akilala chali," mama akasema. Akatoa bahasha, lakini hakumpa. "Na ile ya zamani?"

"Ipi?"

"Iliyokufa. Maiti si ya daktari, baba. Ni ya wafiwa."

"Ile nimeshaitupa, mama. Takataka tu."

"Kwangu mteja akileta kitambaa, vipande vinavyobaki namfungia kwenye mfuko, hata cha upana wa kidole. Nalipa nikiona injini mbili, iliyoingia na iliyotoka. Narudi saa tisa. Nisipoiona, tutavuka barabara hadi kituo cha polisi, ukawaeleze umeitupa wapi."

Daktari alizunguka kwa wauza vyuma chakavu wote. Injini za malori zipo, za pikipiki zipo, ya aina ile hakuna. Alirudi akiwa ameloa jasho, na macho yake yakatua kwenye kigari chake mwenyewe.

Akatabasamu. Mama huyu atajua nini? Atabeba injini kama mtu abebavyo vitambaa vyake, na kesho Daktari atamtuma mtu ajifanye mnunuzi wa vyuma, airudishe kwa bei ya sufuria kuukuu. Ijumaa ataifunga, Jumamosi ukweni. Mpango ulimpendeza mno hata akaupigia mluzi wakati akiing'oa injini ya kigari chake na kuining'iniza kwenye mnyororo. Akaipaka masizi na oili chafu ifanane na marehemu.

Saa tisa mama alikuja na pikapu, pamoja na mwanamke aliyevaa sare nyeupe. Daktari hakumtazama vizuri. Alikuwa anaitazama bahasha.

"Huyu mdogo wangu," mama akasema. "Kanisindikiza msibani."

Mdogo mtu akachukua kitambaa, akaifuta injini mahali pa namba taratibu, kama anayesafisha kidonda. Akatoa kadi ya gari, akalinganisha.

"Ndiyo yenyewe, dada."

Daktari akashusha pumzi. Kisha pumzi ikarudi juu, maana namba ile haikuweza kuwa ya gari la mama. Ndipo alipomtazama usoni.

"Habari za siku nyingi, Daktari," muuguzi akasema. "Naona mgonjwa wangu kafufuka."

Mama akairudisha bahasha kifuani.

"Mama, na malipo yangu?"

"Ya nini? Ya kupaka rangi injini yangu mwenyewe? Ule waya niliuchomoa kwa mkono wangu huu pale kona, kabla sijaingia kwako." Akavuta kigoda, akakaa. "Sasa ziba ekzosi. Tunasubiri."

Akaziba, amelala chini na koti lake jeupe, huku injini ya muuguzi ikipakiwa kwenye pikapu.

Jumamosi Daktari alifika ukweni kwa gari lake, kama alivyoahidi. Rafiki alilivuta kwa kamba hadi kona ya mwisho, na kuanzia hapo barabara ilikuwa mteremko, wema pekee alioupata wiki ile. Gari likaingia getini kimya kabisa, suti imepigwa pasi, majirani wamesimama.

Baba mkwe, aliyeuza vipuri maisha yake yote, akainamisha sikio.

"Halina sauti hata kidogo. Umefunga injini gani hii?"

"Ya kisasa, baba."

"Hebu niione."

Akafungua boneti. Chini akaona nyasi za ua wake mwenyewe, na kuku mmoja akipita.

Daktari akavua miwani.

"Baba," akauliza kwa upole, "umekula?"